Mama, Robo Alikunywa Maji

Mama,

Robo yuko hai. Naanza na hilo kwa sababu najua ungeniuliza hilo kwanza, kabla hata ya kuuliza kama nakula.

Yuko hai na amenenepa kidogo, ingawa kwa mbwa asiye na shingo ni vigumu kujua unene umeanzia wapi. Wageni huniuliza kama analala juu ya kaburi lako. Halali. Analala jikoni kando ya jivu, na anakoroma. Siku za mwanzo nilimkasirikia. Nilitaka ahuzunike vizuri, kama mbwa wa hadithi. Baadaye nikagundua kwamba kila asubuhi anasimama mlangoni, anageuza mwili mzima kutazama ilipo cherehani yako, anageuza tena mwili mzima kutazama njia, ndipo anakuja kwangu. Wengine tunaweza kupepesa macho pembeni, kukutafuta bila mtu kujua. Yeye hawezi. Anakutafuta kwa mwili wote.

Nakumbuka ulivyomleta, tukiwa bado tunakaa Suna. Ulirudi kutoka sokoni naye ndani ya kikapu, amelala juu ya vitambaa vya wateja. Mwenye mbwa aliyemzaa alikuwa akienda kumtupa mtoni, akiapa kwamba fisi ndiye baba. Mabega yalikuwa juu, mgongo umeishia njiani, mkia kama kifundo cha uzi. Baba alikuwa amekuja kutoka kisiwani Remba, bado ananuka omena, wale dagaa wa ziwani, akamtazama kwa muda mrefu.

"Mama Achieng, nani amekalia hii mbwa?"

Nawe, bila kucheka: "Ni robo tu. Robo tatu zingine Mungu amebaki nazo."

Jina likakaa.

Tulipohamia huku Homa Bay, kwa kina Baba, Dani, bibi yangu mzaa Baba, hakumpenda. Nadhani hata wewe alikuwa bado anakuzoea, mkwe kutoka kwa Wakuria ambaye alilazimika kuzungumza naye kwa Kiswahili cha kuokoteza. Ulipoanza kupindua debe na kuweka karai la Robo juu yake, kwa kuwa hawezi kuinama kufikia chini, Dani alisimama mlangoni pake, mikono kiunoni, akakuita kwa Kiluo kama alivyozoea, binti wa Wakuria. "Nyar Kuria! Mimi nimezaa bwana yako na sijawahi kuwekewa meza. Mbwa ndiyo anawekewa?" Kesho yake ulimtandikia Dani kitambaa juu ya stuli, ukamwekea samaki na ugali, ukaondoka. Alikula mpaka mifupa. Hakusema asante, wala hakurudia maneno yale mbele yako. Nyuma yako aliendelea kumwita Robo mbwa wa meza.

Sasa nikwambie yaliyotokea.

Baada ya mvua kuisha, mbwa mwenye kichaa alishuka kutoka upande wa juu akauma ndama wa jirani. Mbwa yule aliuawa, lakini ndama naye akaanza kutokwa na mate, akafa, na hofu ikaingia kila boma. Vijana wakaanza kuzunguka na rungu wakipima mbwa mmoja mmoja. Kipimo chao kilikuwa maji. Wanaweka karai chini. Mbwa akikataa kunywa, basi anaogopa maji, ana kichaa.

Walifika kwetu mchana, jua limesimama. Mbele yao alikuwa Okoth, yule uliyekuwa ukimshonea kaptura za shule. Hakuwa na ubaya, Mama, uso wake ulikuwa wa mtu aliyetumwa. Lakini macho ya wote yalikuwa kwa Robo, kwa ule mwendo wake wa kutupa miguu na kichwa kilichokazwa mabegani. Wakaweka maji.

Robo alikuwa na kiu. Alilikaribia karai, akalizunguka, akapanua miguu ya mbele, akajaribu. Mdomo haukufika. Akarudi nyuma, akalia, akazunguka tena. Kwangu mimi ilikuwa wazi kama mchana ule. Kwao pia ilikuwa wazi.

"Anaogopa maji!"

"Guok moneko! Mbwa kichaa! Rudi nyuma, Achieng!"

Nilikuwa na sentensi nzima kichwani. Unanijua. Kiingereza nilijaziwa shuleni, Kiswahili ulinipa wewe, lakini Kiluo hunikimbia ninapokihitaji zaidi. Sentensi haikutoka. Nilichoweza ni kusimama juu ya Robo, mguu huku na mguu kule, nimemweka katikati. Nilihisi mgongo wake mfupi ukitetemeka kati ya magoti yangu. Okoth akaniambia polepole, "Dada, toka. Tafadhali toka." Aliyekuwa nyuma yake hakusema tafadhali.

Ndipo Dani akatoka jikoni.

"Okoth! Nani alikuambia huyo anakunywa chini? Hiyo ni mbwa ya meza! Muulize nyar Kuria!"

Mama, alikuwa amesahau kwamba umekufa. Sote tulimwona akikumbuka. Aligeuka kuelekea nyumba yako, mkono bado umenyooshwa, halafu mkono ukashuka wenyewe. Sijawahi kuona mtu akifiwa mara ya pili kwa jambo lile lile. Aliposema tena, sauti yake ilikuwa ndogo. "Alikuwa anainua. Kila siku alikuwa anainua."

Nilitaka kukimbilia debe, lakini ningemwachaje Robo? Dani akaja mwenyewe kati ya wale vijana, akainama, na unajua magoti yake, akaliinua karai hadi kifuani pa Robo na kulishikilia hapo. Maji yakamwagika juu ya gauni lake. Robo akanywa, Mama. Alikunywa kwa kelele, pua nzima ndani, mpaka tukasikia ulimi ukikwaruza bati.

Vijana wakateremsha rungu zao chini. Okoth akasema, "Kumbe ni shingo tu."

"Shingo gani?" Dani akamjibu. "Wewe umeiona wapi?"

Wakacheka. Mimi nikalia, na wakacheka zaidi kidogo, kwa upole.

Siku ya chanjo nilimpeleka uwanjani. Daktari wa mifugo, mama mmoja mgeni huku, alipitisha vidole kwenye mgongo wake taratibu, kama wewe ulivyokuwa ukipapasa mshono. Alisema pingili zake zilibanwa na kushikana tangu tumboni, kwamba ni hali adimu sana, mbwa huzaliwa nayo na haimwambukizi mtu wala mnyama. Fisi hahusiki. Halafu akatugombeza sote. Maji hayapimi kichaa, alisema. Mbwa mgonjwa kweli anaweza kunywa mbele yako na bado akakuua. Usimkaribie unayemshuku, tuite. Na leteni mbwa wachanjwe. Dani alisikiliza akiwa amevaa gauni lake la Jumapili, akadai kwamba yeye hakuwa na shaka hata kidogo.

Tangu siku hiyo daktari hutuita kila anapochanja vijiji vya jirani. Ninamweka Robo juu ya benchi, na wanaotaka wanampapasa mgongo. Nawaonyesha kwamba hafikii kujikuna wala kujisafisha, kwamba kupe wake lazima atolewe na mtu, kwamba asirushwe wala kurukishwa. Nasema kwa Kiluo. Kibaya, lakini nasema. Watoto wananisahihisha kwa sauti kubwa na mimi nakubali.

Jana mwanamke mmoja wa huko Asumbi alinipigia simu. Mbwa wake amezaa, mmoja hana shingo, na shemeji zake wanasema atupwe kabla boma halijapata balaa. Nilimsikia akinong'ona, amejificha na simu mahali. Nimemwomba amfiche huyo mtoto wa mbwa pia mpaka Jumamosi, tutakapofika. Dani ameshaandaa viatu. Anasema Kiluo changu kitafanya yule mtoto auawe mara mbili, kwa hiyo lazima aje kusema yeye. Akifika huko atawaambia nini, sijui. Ameanza kufanya mazoezi jikoni, na katika maneno yake wewe unaitwa "binti yangu". Sijamwambia kwamba nimesikia.

Pumzika sasa, Mama wangu. Hukuniachia maneno ya mwisho, na nilikaa muda mrefu nikikulaumu kwa hilo. Silaumu tena. Nakuahidi kwamba popote nitakapoitwa kwa sababu ya mbwa wa namna hii, nitakwenda, hata sauti ikiniishia njiani, na nitajitahidi nifike kabla ya rungu.

Mwanao,
Achieng