Kile Kitambaa cha Kochi, Mama Wawira

Kaaga, Meru
Jumapili, baada ya kanisa

Kwako Mama Wawira,

Huko Karurumo mmeamkaje? Nauliza habari ya goti lako kwanza, kwa sababu hilo hulalamika kukushinda, halafu yako wewe, halafu ya maharagwe. Kama mvua imefika vizuri, Mungu ashukuriwe. Kama haijafika, nitamwongelesha Jumapili ijayo. Mimi naendelea vizuri. Mguu unatembea, mdomo umenyooka, na wale waliosema kiharusi kitanipunguzia maneno, waambie pole.

Nyaga, ndugu yangu mdogo, najua ni wewe unamsomea shemeji yako barua hii. Soma yote, hata pale ninapokusema vibaya. Na usicheke mwandiko. Umeandikwa na mkono wa kulia, ule ule uliokuwa umekufa wakati wa ile mvua ndefu.

Mama Wawira, binti yetu ananitunza mpaka naona haya. Naye mkwe wetu Kinoti hajawahi kunikunjia uso, ingawa nimekalia kiti chake tangu nifike na sijamwuliza atakaa wapi. Lakini kilichofufua mkono huu si dawa peke yake. Karibu hapa, kwenye ukumbi wa kanisa, kuna mwalimu mmoja, msichana anaitwa Kagendo, anayekusanya wazee tuliopigwa na magonjwa. Siku ya kwanza alitupa kila mmoja daftari tupu, halina hata mistari, akaweka mezani gundi, makasi na magazeti ya zamani.

"Mwalimu," nikamwuliza, "nimeletwa hapa kutibiwa ama nimerudishwa shule ya nasari?"

"Nasari ungekubaliwa wewe, mzee?" akasema. "Si umetuambia ulianza shule ukiwa na ndevu?"

Nikajua huyu tutaelewana.

Kazi yenyewe ni hivi. Unararua karatasi, vipande vya magazeti, pakiti za majani chai, kalenda ya mwaka uliopita, unavipanga na kuvibandika mpaka ukurasa unakuwa mzito kama chapati. Halafu juu yake unachapa. Unakata kiazi, unakichonga umbo, unakipaka rangi na kukandamiza. Shina la mgomba ukilikata katikati linatoa vijumba kama vya nyuki. Mzee mwenzangu M'Ikiara, Mmeru wa hapa hapa, aliona kiazi ni kidogo kwa mtu wa heshima yake akaleta nduma mbichi. Nduma mbichi, Mama Wawira, na mtu ameilima maisha yake yote. Utomvu wake ukamwasha, akajikuna mpaka mwalimu akampaka mafuta ya kupikia.

"Cheka tu," akaniambia. "Nyinyi wa Embu mnaotafuna majani ya muguka kama mbuzi, mnajua nini?"

"Afadhali mbuzi anayekula majani," nikamjibu. "Nyinyi na miraa yenu mnamaliza hata vijiti."

Lakini ni yeye aliyetoa picha ya eksirei ya mbavu zake tukate maumbo. Ile plastiki ni ngumu na haishiki maji, unakata nyota ndani yake, unaiweka juu ya karatasi, unagonga rangi kwa kipande cha sponji, ukiinua nyota imebaki. Sasa kila mtu ana nyota kutoka mbavu za M'Ikiara. Na mkono wangu, kwa kukata, kubana na kugonga, ukaanza kusikia. Kwanza kidole gumba. Nililia kidogo nikasingizia gundi.

Sasa ndipo nafika kwenye jambo. Kagendo alituambia kila mtu alete kitu cha nyumbani chenye matundu, tukitumie kuchapia. Nikaangalia huku na huku, nikaona kile kitambaa cheupe cha kochi, ulichomfumia Wawira akiolewa, chenye maua makubwa na ukingo wa majani. Nikakikunja nikatia mfukoni. Nilipokiweka juu ya ukurasa na kugonga rangi, kisha nikakiinua, maua yako yote yalikuwa yamekaa pale, hata vile vifundo vidogo vya katikati. Kagendo akaita wengine waje waone. M'Ikiara akauliza ni nani amefuma hivi. Nikamwambia ni mke wangu, na nikachapa tena na tena, maana kusifiwa ni kitu kitamu na mimi sijakizoea.

Niliporudi nyumbani, kitambaa kilikuwa kama cha fundi wa magari. Nilikuwa nimekitia kwenye karai na sabuni nyingi wakati Wawira aliponikuta.

"Baba, hiki umekitoa wapi?"

"Kwenye kochi. Kilienda shule kidogo, sasa kinaogeshwa."

Hakucheka. Alikitoa majini akakishika hivyo kinavyotiririka, rangi ikimwingia kwa nguo.

"Usinune," nikamwambia. "Mama yako atakufumia kingine. Yule anafuma hata akisinzia."

"Hawezi."

"Amechoka na mimi, hajachoka na nyuzi."

"Baba," akasema, "mama haoni uzi."

Basi akanieleza yote. Kwamba Krismasi alikuletea nyuzi ukamwuliza ni za rangi gani, nazo zilikuwa nyekundu. Kwamba macho yako yana kitu kama moshi usioondoka. Kwamba ulimwapisha asiniambie mpaka nipone, nisije nikaugua mara ya pili. Usimgombeze. Alishikilia siri mpaka kitambaa kikamshinda.

Mama Wawira, nilikaa na lile karai mpaka maji yakapoa. Nilikuwa nikikumbuka ule uji. Nilipokuwa nimelala siwezi kuinua mkono, ulinilisha kwa kijiko asubuhi na jioni, na kijiko kikija mara kinaingia puani, mara kinanigonga sikio. Nilikuwa nakuuliza kama mdomo wangu umehamia Runyenjes. Nawe unacheka, unasema ni mimi ninayetikisa kichwa. Nilidhani unanichezea. Kumbe ulikuwa unanitafuta. Ulinilisha, ukanigeuza, ukanipeleka choo ukipapasa ukuta, na macho hayo.

Ahsante. Sijawahi kukuambia neno hilo bila kulibandika mzaha mgongoni, kwa hivyo nalirudia likiwa peke yake: ahsante.

Sasa sikiliza. Hapa Meru kuna daktari wa macho. Wawira anasema huenda ni mtoto wa jicho, na huyo huondolewa, lakini lazima kwanza uangaliwe. Watoto wengine wote uliwazaa na kuwatangaza mpaka sokoni, huyu mbona unamficha?

Najua utakachosema. Utasema mama mkwe halali kwa nyumba ya mkwe wake. Nilimwambia Kinoti hivyo. Akaniambia, "Mzee, kama ni heshima inayomzuia, mimi nitahamia kwa ndugu yangu mpaka mama amalize matibabu. Nyumba nitawaachia." Akaanza hata kukunja shati zake. Mkwe kama huyo sisi wa Embu wenyewe hatuna, lakini usimwambie nimesema, ni Mmeru, atavimba. Mbuzi na kuku watabaki na Nyaga. Wakipungua nitajua wameenda wapi.

Tangu niugue nimeogopa mara moja tu, na haikuwa juu ya mkono wala kaburi. Niliogopa kwamba nitapona, nirudi nyumbani nikitembea bila fimbo, niingie mlangoni, nawe usione.

Nisalimie dada yako Igoki, na katekista wetu anayeombea watu kwa majina, aendelee na la kwangu. Msalimie na mke wa Nyaga, aliyekubali kuolewa na Nyaga.

Nyaga, kazi yako ya kusoma imeisha. Ndani ya bahasha kuna ukurasa nimeutoa kwenye daftari langu. Hauna neno hata moja. Ni yale maua ya kitambaa, nimeyachapa, halafu nikafuata kila mstari kwa uzi na gundi, uinuke kidogo. Mpe shemeji yako mkononi, utoke nje ukaangalie mbuzi, umwache avipitishe vidole vyake bila haraka. Akimaliza, mwulize ni siku gani Kinoti aje na gari.

Ni mimi, wa Kaaga kwa sasa na wako siku zote,
Baba Wawira