Pesa za Kaka Zilipita kwa Akaunti Yangu, Sasa Nasikia Sheria Mpya Inakuja

Mama Fides mpendwa, naomba unisaidie maana sijui tena nimwamini nani. Mimi ni mjane, nakaa Louisville upande wa Iroquois, nafunga makartoni kwenye depo, nina binti mmoja, Gentille, wa miaka kumi na sita, na kaka mmoja tu duniani, Mushagalusa, anaishi Buffalo, yeye ndiye alinilea wazazi walipouawa kule Walungu, Kongo, donc akiniambia kitu mimi siulizi. Mwezi wa tatu alinipigia akasema, «Mdogo wangu, nimepata kazi ya kompyuta, nafanyia nyumbani, lakini benki yangu inasumbua, acha pesa za wateja zipitie kwako,» nikasema sawa, zikaingia dola elfu nne, halafu elfu saba, kila mara natoa keshi, Gentille namwambia naenda kununua maziwa, kumbe naenda kwenye mashine ya bitikoini, ile pesa ya mtandaoni, ndani ya duka la kituo cha mafuta, nailisha noti moja moja, namtumia kaka picha ya risiti, na mimi nabaki na dola mia.

Bon, wiki tatu zilizopita Gentille alisoma habari kwenye simu, eti huko Washington kuna mswada wa kuwaongezea wapelelezi wa serikali kuu nguvu za kufuata pesa chafu zinazosafishwa kwa mtandao, akaniangalia, akasema, «Mama, hii si ndiyo unafanyaka?» Kumbe alishaziona risiti. Nikampigia binamu yetu Hyacinthe, yuko Columbus, pale Clintonville, amesoma, akasema mswada si sheria, kwa hiyo hakuna kosa, malizeni haraka kabla haujapita. Kaka naye akasema hivyo hivyo, zimebaki elfu tisa tu za mwisho. Mama mmoja kanisani akasema hapana, sheria ikipita inarudi nyuma, inakamata hata ya mwaka jana. Halafu benki ikaniandikia kwamba inafunga akaunti yangu, haikusema kwa nini.

Lakini kinachonila moyo ni kingine. Jumamosi simu ililia, namba siijui, mama mzee anaongea Kiingereza huku analia, nikampa Gentille. Akasikiliza, akaziba simu kwa mkono, akasema, «Mama, ndiye alituma zile elfu saba kwa namba yako hii. Walimwambia wewe ni nesi, unamtunza mchumba wake. Anauliza kama ameshatoka hospitali.» Mama Fides, mimi simjui huyo mchumba, hospitali siijui, nikashika simu, na neno pekee la Kiingereza lililonitoka ni «Yes». Akaniombea baraka za Mungu, akakata.

Nilipomuuliza kaka, alisema kazi anapewa na bosi ambaye hajawahi kumwona uso, wanaandikiana tu. Halafu akasema, «Ukiongea, umenifunga.» Na mimi mahojiano yangu ya uraia ni mwezi ujao. Hiyo sheria ipo au haipo? Nimtaje kaka yangu, au ninyamaze?

Nsimire, Louisville

Nsimire mdogo wangu,

Barua yako haikuweza kusubiri gazeti, ndiyo maana nilikupigia Jumanne, ukaniambia umeshakataa kupokea zile elfu tisa. Umefanya vizuri. Katika yote uliyoniambia, hilo ndilo jambo la kwanza la akili.

Mswada ni pendekezo. Huu unataka kupanua mamlaka ya wapelelezi, nani afuatilie kesi hizi na hadi wapi. Unaweza kupita, unaweza kufia bungeni. Lakini kuhamisha pesa za wizi ili zisijulikane zilikotoka ni kosa Amerika tangu kabla hujafika. Hyacinthe amekupotosha, wapelelezi hawangoji mswada ndipo waanze kazi. Na huyo wa kanisani anakutisha bure, kwa sababu sheria mpya haimwadhibu mtu kwa jambo ambalo halikuwa kosa alipolifanya. Acha kuhesabu siku za bunge.

Nakuonea huruma, na pia umeniudhi. Ni kazi gani hiyo ya kumlipa mtu kwa kulisha mashine noti? Na hiyo safari ya maziwa? Mtu asiyeshuku kitu hamdanganyi mtoto wake.

Sasa, kabla hujaongea na benki, polisi au mpelelezi yeyote, tafuta wakili. Ofisi iliyokupokea ulipoingia kama mkimbizi inawajua wanaosaidia bila malipo. Taka anayeelewa jinai na uhamiaji pia, na usiende kwenye mahojiano ya uraia kabla hajakwambia. Usifute ujumbe hata mmoja. Usidanganye popote. Na Gentille asikutafsirie tena mambo haya, ni mtoto. Omba mkalimani mtu mzima.

Yule mama mzee simlaumu kwa kukuamini, na wewe najua ile «Yes» ilikutoka kwa hofu. Lakini bado anaamini, na wiki hii hii anaweza kutuma tena. Usimpigie mwenyewe. Mpe wakili namba yake siku ya kwanza, amfikishie habari kwamba mchumba hayupo. Hilo ni la haraka kuliko uraia wako.

Kuhusu kaka yako, wewe hukumfunga. Alidanganywa, labda, kisha akakuingiza na wewe, na alipoujua ukweli akakuomba unyamaze. Bado ana nafasi ya kutafuta wakili wake huko Buffalo na kujitokeza kabla hajaitwa. Mpigie umwambie hivyo. Akilia, lia naye, lakini usibadili siku. Mwambie unakwenda kwa wakili Jumatatu kabla ya zamu. Hilo si ombi, ni taarifa.

Mama Fides