Spika ya Baba Kwenye Friza

Shelui, 9 Juni

Kaka Manase,

Shikamoo. Huku wazima, mtama tumeshavuna, na biashara ya soda inakwenda hivyo hivyo.

Baba ameng'ang'ania kwamba spika yake ya kufundishia kwaya imefifia. Kuna mtu alimwambia spika ikigandishwa sauti husafika. Basi ikalala wiki nzima kwenye friza langu, na soda nikazitoa nje. Jana tuliikausha, akaiwasha. Ilinguruma hadi madereva wa malori waliosimama kunywa soda wakaziba masikio. Yeye akainama, akasogeza sikio karibu kabisa, akasema, "Bado."

Nikaizima. Akauliza, "Evodia, hivi ni spika au ni mimi?"

Kaka, swali hilo nimelikwepa tangu Krismasi. Nikamjibu polepole, "Ni masikio yako, baba."

"Unasemaje?"

Ikabidi nirudie kwa kupiga kelele, wateja wote wakasikia. Leo hajaenda mazoezini. Amekaa tu ndani, na uji hajaugusa.

Njoo umpeleke hospitali. Mimi nimechoka kupaza sauti.

Mdogo wako,
Evodia