Kuku wa Chuma Amefika Westlands

Kassel, Ujerumani
3 Septemba 2024

Mama mpendwa,

Habari za Kangemi? Kifua kimepoa? Mimi ni mzima, ila baridi imeanza kubisha hodi. Mama, ile sarafu yangu imefika Nairobi!

Nikukumbushe. Huku siku za mapumziko tunacheza jiokaching. Watu huficha vikopo msituni na mjini, wengine huvitafuta wakiongozwa na simu. Ndani kuna vitu vidogo vidogo: ukitoa kimoja, unaweka kingine. Halafu kuna sarafu zinazosafiri. Kila moja ina namba yake, na anayeipata huihamishia kopo lingine, kisha anaandika mtandaoni ameiacha wapi. Yangu ina picha ya kuku. Niliipata kwa kutoa sarafu zangu tatu nzuri, wenzangu wakanicheka, lakini ilinikumbusha kuku wako. Mwaka ule niliponyimwa ruhusa ya kusafiri nikaiachilia, nikaandika: "Nipelekeni kwa Mama, Nairobi." Imepita Poland, Uturuki, Kampala. Juzi mgeni ameiacha Westlands, kwenye kile kibustani nyuma ya maofisi nilichomwonyesha Kavutha kwa simu, ndani ya ukuta wa mawe karibu na bomba la maji. Nenda upesi kabla mwingine hajaondoka nayo.

Mimi sasa naruhusiwa kuja nyumbani, lakini kazi ni nyingi. Tuone mwaka ujao.

Binti yako,
Jacklyne

Kangemi
7 Septemba 2024

Mamangu Jacklyne,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Unakula? Unavaa soksi? Mimi niko salama, kifua kinasumbua asubuhi tu, usianze kushtuka. Karatasi hii Kavutha jirani ataipiga picha akutumie kama kawaida, hizo herufi za simu zinanikimbia.

Tulienda na yeye. Njiani nikawaza sarafu inayojitembeza dunia nzima isije ikawa ya wale watu wa mashetani. Kuingiza mkono kwa ukuta tu, askari huyo! "Mathe, umepoteza nini huko?" Nikamwambia natafuta sarafu ya mtoto wangu. Akasema, "Hata mimi natafuta ya watoto wangu, lakini si kwa mawe." Kavutha alicheka mpaka akakaa chini.

Tukaipata! Kuku amesuguka mgongo lakini jicho bado liko hai. Nililia pale pale, askari akadhani ameniudhi, akaniletea maji. Na vile ulisema ukitoa uweke, nikaweka yai la kuchemsha nililokuwa nimebeba la njaa.

Kesho naenda nayo kanisani. Mwaka ujao ni mbali, mamangu.

Mama yako,
Peres

Kassel
12 Septemba 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo na pole kwa kifua. Nimeisoma barua yako nikiwa kazini, nikacheka mpaka mkubwa wangu akaniuliza kama niko sawa. Lakini kuna mtu ameandika mtandaoni kwamba kopo la Westlands lina yai na linanuka. Mama, chakula hakiwekwi!

Sarafu ikishaombewa, itunze. Usiisugue kwa majivu kama sufuria. Wanaozikusanya hupenda zile mpya ambazo hazijawahi kuachiliwa, hizo ndizo za bei. Hii ilivyokwaruzika hakuna atakayeinunua. Ila mimi siibadilishi na yoyote, maana kila mkwaruzo ni mtu aliyeibeba kuja kwako. Nitumie picha yake.

Binti yako,
Jacklyne

Kassel
10 Oktoba 2024

Mama, u mzima? Mbona kimya hivi? Kavutha naye hajibu. Picha iko wapi?

Binti yako

Kangemi
13 Oktoba 2024

Mamangu,

Salamu nyingi, na usimlaumu Kavutha, mimi ndiye nilimfunga mdomo. Mimi ni mzima. Aliyekuwa mgonjwa ni roho.

Ile Jumapili, kabla barua yako haijafika, niliitoa shukrani. Kitu cha kwanza kutoka mkononi mwako tangu uende, ningempa nani kama si Mungu? Nikasahau kabisa kwamba shukrani hupigwa mnada baada ya ibada. Wakauza ndizi, wakauza jogoo, wakauza na sarafu yako! Mzee Wainaina aliing'ang'ania mpaka akaichukua. Kusoma barua yako, nikakosa usingizi.

Juzi nikajikaza nikaenda kwake. "Mama Jacky, mnada wa kanisa haurudishwi," akasema. "Na inapendeza kwa funguo za gari yangu." Nikampa sukari, akakataa. Nikampa kitambaa cha meza nilichofuma, akauliza yeye ni bibi harusi? Mwisho akaniambia, "Huyu wa chuma hatagi. Niletee yule wako mwekundu anayetaga." Unamjua huyo kuku, Jacklyne. Nikampeleka kwa kikapu, nikamwambia asimnyime mchicha. Nikarudi nikiimba barabara nzima, watu wa sokoni wakauliza nimeoza nani.

Sasa sikiza. Huu mchezo wenu nimeshauelewa. Nimeitia kwa kopo la mafuta ya kupikia, nimeificha hapa nyumbani. Kavutha hajui, na wewe hutapata picha. Anayeitaka aje aitafute na mikono yake.

Majivu sijaigusa nayo.

Mama yako,
Peres

Kassel
20 Oktoba 2024

Mama mpendwa,

Nakusalimu haraka haraka. Usilihamishe hilo kopo! Nimeomba likizo na nimepewa, natua asubuhi ya tarehe 21 Desemba.

Mwambie Mzee Wainaina asije akamchinja yule mwekundu Krismasi. Namletea sarafu mpya kabisa, haijawahi kuachiliwa, tubadilishane naye.

Uniwekee yai la kuchemsha. Hilo nitalikuta kabla halijanuka.

Binti yako,
Jacklyne