Habari za Boti Namba Tisa

Jumatatu, 4 Machi
Afande kaniita ofisini. Boti Namba Tisa, tagi letu la kuvutia manowari bandarini, ama itengenezwe ama ikatwe vyuma chakavu. Wakubwa wanataka historia yake ya kazi, kwa maandishi. Nikamwambia, afande, umemfikia mwenyewe! Miaka ishirini na miwili niko tumboni mwake. Injini ile ikikohoa najua imekula nini. Historia? Nitawapa mpaka waombe maji!

Jumatano, 6 Machi
Nimefungua vitabu vya boti. Kumi na kimoja. Mwandiko wangu mwenyewe, mzuri kweli, japo shule niliishia la tano. Kila ukurasa juu pameandikwa "Habari za siku". Na kila siku nimejibu: Salama.
Basi. Salama. Salama tu. Salama kabisa, tunashukuru.
Mungu wangu — nilidhani naulizwa hali!

Alhamisi, 7 Machi
Nimetafuta siku ile manowari iliposhika moto gatini, tukaivuta nje na moto wake, rangi ya boti ikababuka kama ngozi. Salama. Siku kamba ilipokatika ikamchapa shemeji yangu, ndugu wa mke wangu, akafia mikononi mwangu. "Salama, ila mvua."
Kitabu nilikificha. Mke wangu kakiona. Hakulia. Kauliza tu: Baba watoto, mvua ndiyo uliyoiona?
Nimekosa mzaha. Mimi!

Ijumaa, 8 Machi
Sijala.

Jumatatu, 11 Machi
Wakubwa wamekuja, watatu. Nimewaeleza yote kwa mdomo, nimesimama wima, jasho. Mwenye miwani kasema nasimulia kuliko redio, lakini kisichoandikwa hakikutokea. Boti haijafanya kitu, itengenezwe ya nini? Nikasema basi hata shemeji hajafa, nipeni nimrudishe kwa dada yake! Afande akanikanyaga mguu.
Itakatwa.

Jumanne, 12 Machi
Tagi jipya limekuja kuivuta boti yetu kwa wakataji. Nahodha wake anapiga kelele, mzee, fungua kamba! Mara mke wangu huyo — hajakanyaga gatini tangu msiba. Kapanda botini moja kwa moja, kaketi pale pale alipoangukia ndugu yake, mkoba mapajani. Honi inalia. Afande kasema mtoe mkeo, hiyo ni amri.
Naandika nimeegemea nguzo ya kamba. Mke wangu kanitazama. Kasogea kidogo, kama anayempisha mtu akae. Kamba bado sijafungua —