Kwa Nini Gari Langu Lina Matairi ya Mlimani

Wheaton, Maryland, Marekani

Kwa Baba Rukia, mume wangu,

Salamu nyingi zikufikie wewe na wote mlio hapo nyumbani Muheza. Mimi mzima, namshukuru Mungu, ila vidole vya miguu vinalalamika, maana baridi ya huku inapenya hata nikivaa soksi mbili mbili. Goti lako linaendeleaje? Bado unapandisha lori Lushoto peke yako, au tajiri ameshakupatia dereva wa kupokezana naye kama alivyoahidi? Macho ya Mama vipi? Na Rukia nimesikia amepanda kwenye hesabu. Mwambie nimefurahi sana, ingawa najua ni wewe uliyekuwa unamkalisha mezani kila jioni.

Barua hii namkabidhi mama mmoja wa Tanga anayerudi nyumbani likizo, pamoja na dawa za Mama na viatu vya Rukia. Ningeweza kukupigia, lakini mara ya mwisho ulikata simu kabla sijamaliza kueleza, na tangu hapo meseji zako ni "sawa" na "haya" tu. Nimeona bora niandike. Kwenye karatasi nitafika mwisho wa maneno yangu.

Uliniuliza nani kaninunulia matairi. Mimi nilikutumia ile picha kwa furaha, nikijua wewe ni mtu wa matairi, utayasifu. Ukasema hayo si matairi ya mwanamke anayekwenda kazini mjini, ni ya kwendea shamba au mlimani, na ukauliza huko naenda na nani. Nitakueleza tangu mwanzo, halafu uamue mwenyewe.

Bibi Dorothy, yule mzee ninayemtunza Takoma Park, unamjua kwa jina. Alikuwa mwalimu wa muziki, na nyumba yake ya mbao iko juu ya mteremko mkali. Mumewe alishafariki. Ana mtoto mmoja tu, Glen, mtu mzima wa makamo, ndiye anayenilipa. Huyo Glen ni mtu wa kuuliza kwa nini glavu zimeisha mapema. Akija anagusa kwanza kipimo cha joto la nyumba ukutani, asilipie umeme mwingi, kabla hajamsalimia mama yake. Simsemi vibaya, nakueleza tu alivyo, ili uelewe kwa nini nilishangaa.

Theluji ya kwanza ya mwaka huu ilinikuta nikiwa na Bibi kwenye gari, tunatoka kliniki. Matairi yangu yalikuwa yamekaribia vipara, na wewe ulishaniambia niyaangalie. Tulipofika kwenye ule mteremko gari likaanza kuserereka kurudi nyuma, nakanyaga breki na halisikii. Tukasimama tulipogonga ukingo wa barabara. Bibi alinishika mkono. Jioni nikampigia Glen nikamweleza ukweli, nikitegemea anigombeze.

Hakunigombeza. Baada ya siku chache alipiga mwenyewe, akasema niende nikachague matairi mapya na atalipa yeye. Ila akataka yawe ya aina moja tu, yale mapana ya kupita njia zote, yenye meno makubwa, na ubavuni yawe na alama ya mlima wenye chembe ya theluji ndani yake. Alirudia mara mbili kama mtu anayemtuma mtoto dukani.

Nikashukuru, lakini nilipokata simu moyo haukutulia. Mtu anayehesabu glavu anawezaje kutoa matairi manne bila kuulizwa? Njeri, Mkenya ninayekaa naye, alikuwa anakaanga vitunguu. Nilipomweleza hata hakugeuka. Akasema, "Huyo ana kitu anataka. Hakuna bosi anakununulia kitu ya bure. Ngoja tu, atakuambia bei yake." Nikamwambia anawaza mabaya. Kumbe mimi mwenyewe ndiyo hayo hayo niliyokuwa nawaza.

Nikaenda kwenye gereji ya matairi iliyo nyuma ya yale maduka makubwa ya hapa Wheaton. Fundi wake ni Mkongo wa Goma, tunamwita Papa Fidèle. Alilizunguka gari langu, akaniuliza, "Mama, na hii motokari unaendaka wapi kila siku?" Nikamwambia kazini Takoma Park, Ijumaa msikitini, Jumamosi darasani. Akatikisa kichwa. "Basi hii haiko ya wewe. Hii ni ya mutu anaishi kwenye matope na mawe."

Akanieleza taratibu. Yale yenye meno makubwa yanang'ata tope, mawe na theluji nene ambayo hakuna aliyeisafisha. Lakini barabara zetu zinasukumwa theluji na kumwagwa chumvi asubuhi na mapema, na kwenye lami iliyosafishwa yananguruma kama mashine ya kusaga na kunywa mafuta. Kwenye barafu tupu meno hayakusaidii sana, kinachosaidia ni mpira laini usiokakamaa kwa baridi. Kwa safari zangu, akasema, matairi ya kawaida ya theluji yanatosha na kuzidi. Na kama lazima yawe ya meno, nisichukue yasiyo na ile alama ya mlima, maana mengi yanatisha kwa sura tu, baridi ikiingia yanakuwa kama ubao.

Sasa hapo nikamshuku na yeye. Mfanyabiashara gani anakukataza kununua kitu cha bei kubwa? Nikajisemea labda ana mzigo uliolala stoo anataka kunibambikia. Nikainama nikasoma zile tarakimu nne ubavuni kama ulivyonifundisha, wiki na mwaka wa kutengenezwa, kwa haya na kwa yale. Yote yalikuwa mapya. Papa Fidèle aliniona, akacheka, akasema hata mke wake humkagua hivyo hivyo.

Nikampigia Glen palepale, nikaweka spika ili fundi amweleze mwenyewe. Glen hakumpa nafasi.

"Chukua yale niliyokwambia," akasema. "Hayo mengine hayatapanda kwenye changarawe."

"Changarawe ya wapi?" nikauliza.

Akasema haraka, "Ya popote. Baridi ni baridi." Akakata.

Papa Fidèle akaniangalia, akaniuliza kama Takoma Park kuna changarawe. Nikamwambia mimi sijaiona.

Niliyachukua, Baba Rukia. Theluji nyingine ilikuwa imetangazwa, Bibi alikuwa na miadi ya daktari wa macho, na kurudi kwenye ule mteremko na vipara nisingeweza. Wiki ile gari lilipanda bila kuteleza hata kidogo. Ndipo nikapiga picha nikakutumia. Wewe ukaona mwanamume, nami sikuwa na jibu la kukupa, maana hata mimi sikujua yamenunuliwa kwa ajili ya nini.

Tangu siku hiyo nikawa mtu wa kutega sikio. Glen akaanza kuuliza maswali ambayo hajawahi kuuliza. Je, nina ndugu hapa wanaonitegemea? Darasa langu linaweza kuhamishwa siku? Nalala vizuri ugenini? Kisha wakaja watu wawili wakabeba piano ya Bibi, akasema inapelekwa kutengenezwa. Bibi alikuwa anaipiga kila asubuhi kabla ya chai, na mimi sikusikia hata siku moja ikitoa sauti mbaya. Akaja mwingine aliyevaa vizuri, akapita chumba hadi chumba anapiga picha madirisha na dari. Glen akasema ni wa bima. Yule wa bima aliniuliza kama mtaa una kelele.

Jumapili iliyofuata Glen alipokuja nilimngoja jikoni. Sikumzungusha. Nikamwambia, "Changarawe iko wapi?"

Akaketi. Nadhani alikuwa amechoka kuficha. Akasema ana nyumba jimbo la West Virginia, kwenye milima, mwendo wa saa kadhaa kutoka hapa, na njia ya kuifikia ni ya changarawe na hakuna anayeisafisha. Amehamia huko kufanya kazi yake kwa kompyuta. Anataka mama yake akae naye, na hii ya Takoma Park iuzwe. Mimi nilikuwa nimepangiwa kupanda Jumatatu na kushuka Ijumaa, kwa gari langu mwenyewe. Bibi alikuwa hajaambiwa. Angeambiwa wanakwenda kutembea mwisho wa wiki.

"Ukimwendesha wewe hatauliza kitu," akasema. "Anakuamini."

Kumbe bei ilikuwa hiyo. Nikamwambia matairi ningeyavua nimrudishie, lakini sitamdanganya mzee wa watu mpaka mlimani. Amwambie mwenyewe, la sivyo nitamwambia mimi. Akasema kwa upole kabisa kwamba kazi kama yangu wapo wengi wanaoitafuta. Akaondoka bila kumuaga mama yake.

Sikukupigia siku hiyo kwa sababu ulikuwa umeninunia. Nilimuwaza Rukia na shule yake, nikaogopa sana.

Asubuhi iliyofuata nilimwandalia Bibi chai, nikaketi mbele yake, nikamwambia yote. Nilitegemea alie. Aliweka kikombe chini, akaniangalia kwa jicho ambalo sikulielewa, kisha akasema, "Asante kwa kuniambia." Baadaye kidogo akasema, "Nipeleke nikaione."

Tukaenda, yeye na mimi, na blanketi na chupa ya chai, anwani akiwa nayo Bibi. Baada ya kuacha barabara kuu tukaingia njia nyembamba kati ya misonobari, theluji ikiwa haijakanyagwa. Chini yake nilisikia changarawe. Gari likapanda, meno yanang'ata, na nilikuwa nasoma kila dua ninayoijua.

Glen alitoka barazani, akatuona, akabaki amesimama. Nyumba ni nzuri, sikufichi. Ina dirisha kubwa linalotazama bonde, na mbele yake ilikuwa piano ya Bibi, imefutwa, imewekewa mto mpya wa kukalia. Nilipoiona hasira yangu ikapungua. Bibi aliketi akapiga kidogo, vidole vikiwa vigumu kwa baridi. Kisha akafunga kifuniko.

"Ni nyumba nzuri, Glen," akasema. "Ungeniuliza."

Glen akasema kila asubuhi anaogopa simu itakayomwambia mama yake ameanguka. Alisema hivyo akiangalia sakafu, na sauti yake ilikuwa ya mtoto. Bibi akamwambia hata yeye anaogopa kuanguka, lakini huku ataanguka bila jirani hata mmoja. Nyumba ya Takoma Park iko kwa jina lake na hataiuza. Atakuja huku kiangazi kama mgeni, na atafutwe mtu mwingine wa kukaa naye usiku. Walibishana sana. Mimi nikatoka nikasimama kwenye gari, maana hayo yalikuwa yao.

Tukashuka. Chini ya mlima nilisimama kituo cha mafuta tunywe chai. Akashika kikombe kwa mikono miwili, akasema, "Nilijua kabla hujaniambia. Ile njia naijua, alinipeleka mara moja kiangazi. Nilipoona matairi aliyokununulia nikasema, basi ameshavinunua vyote viwili, gari na dereva."

Wiki zote zile nilikuwa namuogesha, namkata kucha, nampa dawa mkononi naye anazimeza, huku akiamini nimemuuza. Nikamuuliza kwa nini hakuniuliza.

"Kama ingekuwa kweli, ningekimbilia kwa nani?" akasema. "Nilikuwa na wewe tu."

Nililia pale kituoni, na yeye akanipa leso yake.

Kazi ninayo mpaka leo. Glen amekubali, kwa shingo upande. Mama mmoja wa Ethiopia ndiye anayelala pale usiku. Glen huongea nami maneno machache, bado simwamini, na sidhani kama naye ananiamini. Matairi yamebaki, yananguruma njia nzima mpaka nyumbani.

Mume wangu, siku ile ulipouliza naenda mlimani na nani nilikasirika. Sasa sijakasirika. Wewe uliuliza, hata kama ulikuwa mkali. Bibi alikaa na shaka yake moyoni, na mimi sikujua. Endelea kuniuliza chochote unachokiwaza, hata kikiwa kibaya. Ila ukishauliza, usikate simu. Ngoja jibu langu.

Nisalimie Mama, mwambie dawa ya macho asubuhi na jioni, asiongeze. Msalimie shemeji yako, kaka yangu fundi cherehani, na mkewe aliyejifungua. Mwalimu wa madrasa wa Rukia naye mpe salamu na shukrani zangu. Rukia mbusu kwenye paji la uso, hata akikataa akisema amekua.

Nangoja sauti yako.

Mkeo,
Mama Rukia