Magadi Kwenye Jakuzi

Jumatatu, 9 Desemba
Nimepima tena maji ya jakuzi. Karatasi ya kupimia imegeuka njano. Bado yana ukali. Maji ya chemchemi yetu ni mepesi, dawa kidogo tu yanabadilika. Elia, mwanangu, aliniletea jakuzi hili, beseni kubwa la kuogea maji moto, kwa ajili ya magoti, baada ya baba yake kufariki. Pasaka wajukuu waliingia, wakatoka wanajikuna na kulia. Mke wa Elia akafunga mizigo. Wakaenda kulala hotelini, Irente. Krismasi hii watalala hapa. Lazima.

Alhamisi, 12 Desemba
Unga wa kupunguza ukali umekwisha. Mjini hakuna anayeuza. Elia hapokei simu, nimemwachia ujumbe.

Ijumaa, 13 Desemba
Mimi na akili zangu! Nimekumbuka magadi hukata uchachu, nikatia bakuli zima, yale yale ninayolainishia makande. Maji yamekuwa kama ya kuoshea mchele. Chini mchanga. Nimecheka peke yangu, kisha kicheko kikaisha. Hakuna wa kumsimulia.

Jumamosi, 14 Desemba
Nimemwaga yote. Nimesugua, nimejaza upya kwa mpira. Mgongo wote unauma. Jirani yangu Mama Shehoza amepita njiani, akaniuliza, "Mama Elia, sufuria lote hilo unampikia nani?" Nikasema wajukuu. Akacheka, akaenda zake.

Jumanne, 17 Desemba
Unga umefika kwa basi. Elia kautuma bila hata salamu. Hasira zimenipanda. Natia kijiko, nasubiri, napima. Natia tena.

Jumapili, 22 Desemba
Karatasi iko sawa! Maji yanaonyesha mpaka chini. Kanisani sikusikia mahubiri, nilikuwa nawaza mashuka. Nimerudi nikatandika vitanda vyote.

Jumatano, 25 Desemba
Wamekuja baada ya ibada. Watoto wamekaa majini mpaka vidole vikakunjamana. Neema, yule mdogo, akapiga kelele, "Bibi, leo hayawashi!" Nikajua nimeshinda.
Jioni Elia akawafuta, akawavalisha, akawasha gari. "Mama, hoteli tulishalipia." Mkewe akanishika mkono kwa mikono miwili, mpole kabisa. Kumbe tatizo halikuwa maji. Nimeumia sana.

Ijumaa, 27 Desemba
Wamesharudi Dar. Nimekunja mashuka. Ukungu umeondoka mapema, jua kali. Neema amesahau nguo yake ya kuogelea kwenye kamba. Imekauka tangu asubuhi. Sijaianua.